Mbu wa Januari

Kwanza nilibadili waya.
Wa shaba ukatoka, wa fedha ukaingia,
mnene kama mkia wa paka aliyekasirika.
Nikakaa kitini, nikasikia, au nilidhani nasikia,
fidla ya tatu kutoka kushoto ikivuta pumzi.

Kisha nikabadili kigeuzi,
kile kisanduku kinachopokea sifuri na moja, sifuri na moja,
kikazirudisha kuwa hewa.
Cha zamani hakikuwa na kosa.
Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda,
na kidonda changu kilikuja kwa posta kutoka Ujerumani,
kimezungushiwa sponji kama yai.

Dada yangu Raili akapiga simu kutoka Oulu:
"Umeuza pikipiki ya theluji?"
Nimeiuza.
"Ukanunua nini?"
Saa.
"Saa ya mkono?"
Saa ya ndani ya mashine, Raili, inayohesabu
ili tarakimu zisikanyagane mlangoni.
Akanyamaza muda mrefu,
nami nikabaini kuwa laini yake ina mvumo.

Mvumo! Huyo ndiye niliyemwinda msimu mzima.
Nilimkuta kwenye friji: nikaizima kila jioni,
samaki wakaoza, nikala mkate mweusi na chumvi.
Nilimkuta kwenye taa ya jikoni: nikasikiliza gizani.
Nilimkuta kwenye lifti: nikangoja majirani walale.
Mwishowe nikanunua sanduku la umeme,
kilo ishirini na mbili, jeusi, halina hata kitufe,
kazi yake moja tu, kuuosha umeme
kabla haujaugusa muziki.
Bei siitaji. Kuta zina masikio.

Usiku ule kimya kilikuwa kipana
kama ziwa lililoganda hadi ng'ambo.
Piano moja, mtu mmoja, chumba kitupu.
Nililia kidogo, sioni haya kusema.

Miaka thelathini na moja nilisimama kando ya mashine namba nne,
kiwanda cha karatasi, hapahapa Valkeakoski,
pamba masikioni siku tulizokumbuka pamba.
Tuliongea kwa vidole na nyusi.
Karatasi ilipita mbele yetu nyeupe, nyeupe, nyeupe,
theluji yenye haraka.
Nilipostaafu nilidhani nimeondoka na masikio yangu yote mawili.

Jumamosi mama yake Eeli, wa ghorofa ya pili, alichelewa kazini.
Mtoto akaja kungojea kwangu, miaka minane, soksi zimelowa.
Nikamkalisha kwenye kiti chenyewe,
pale hasa sauti za spika mbili zinapokutana.
Sikiliza, nikamwambia.
Kabla sijabonyeza kitu akaziba masikio.
"Kuna mbu."

Nikacheka. Mbu, Januari?
Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
"Kuna mbu," akasema, "na haachi."
Akashuka, akatambaa juu ya zulia,
akaipita friji, akaipita taa,
akanyoosha kidole:
lile jeusi. Lisilo na kitufe.

Nikapiga magoti. Nikaweka sikio.
Nikasikia kimya, safi, cha bei ghali.
Nikaweka la pili.

Sikio halizidi kichwa, walisema wahenga;
hawakusema kichwa nacho chaweza kulizidi sikio,
kikaendelea kununua.

Nikachomoa plagi. Eeli akashusha mikono.
"Amekufa."
Kwangu hakikubadilika kitu.

Nikaliburuta sanduku hadi barazani, kwenye theluji,
nikachomeka vyote kwenye umeme mchafu wa ukutani,
friji nayo nikaiwasha, potelea mbali.
Piano ikaanza.
Mtoto alifumba macho, kichwa upande,
nami nikamtazama kama mtu anayesomewa barua
iliyoandikwa kwa jina lake.

Unasikia nini? nikanong'ona.
"Mtu anapumua."
Nikasogea. Mpiga piano? Kabla ya noti ya kwanza?
"Hapana," akasema Eeli, bila kufumbua.
"Wewe. Pua yako inapiga mluzi."